Wasomaji Wanauliza: Riwaya za Zamani Zisizotajwa

Barua za safari hii zimejaa kero moja yenye sura nyingi. Riwaya za zamani na za kihistoria ambazo hazitajwi mara kwa mara hupatikanaje, na aliyeipata atajuaje kwamba ameshika yenyewe wala si kivuli chake? Maswali tumeyafupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo jambo lina mengi.

Orodha zote zinafanana

*Ndugu mhariri, nimemsoma Tolstoy, Dickens, Dumas na Achebe. Kila nikitafuta orodha ya vitabu vingine vya zamani napewa hao hao. Nipite njia gani? — Mchovu wa orodha*

Orodha hufanana kwa sababu watunzi wake huchungulia za wenzao. Ziache, ufuate mikosi. Riwaya nyingi nzuri hazikuzama kwa udhaifu wake. Zilizama kwa sababu mchapishaji alifilisika, mwandishi alikufa mapema, tafsiri ilikuwa mbovu au mwaka ulikuwa mbaya. Mikosi ya namna hiyo huacha nyayo, na nyayo zinafuatika.

Tuzo ya Booker ya Uingereza ni mfano mzuri. Ilipoanza mwaka 1969 ilitazama vitabu vilivyokwisha kutoka. Mwaka 1971 utaratibu ukageuzwa, ikawa ya vitabu vya mwaka uleule. Vitabu vingi vya 1970 vikaangukia katikati, havikushindanishwa kabisa. Mwaka 2010 ikaandaliwa tuzo ya mara moja ya kuvifidia, na wasomaji wakaipigia kura *Troubles* ya J. G. Farrell, riwaya ya kihistoria kuhusu Ireland baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka 40 haikuwa na tuzo hiyo kwa sababu tu ya kalenda.

Basi njia ya kwanza: chukua mwaka mmoja wa zamani wa tuzo yoyote inayochapisha orodha fupi, umruke mshindi, usome majina ya walioshindwa. Mshindi umeshamsikia.

Njia ya pili ni misururu ya wachapishaji ambao kazi yao hasa ni kufufua vitabu. Virago Modern Classics ilianza mwaka 1978 kurudisha waandishi wanawake waliokuwa wamesahauliwa. NYRB Classics, tangu 1999, ina tafsiri nyingi kutoka lugha ambazo wachapishaji wakubwa huzipita. African Writers Series ya Heinemann, iliyoanza mwaka 1962, ilivipa vitabu vyake namba. Namba 1 ni *Things Fall Apart*, ambayo kila mtu anaijua, lakini ukitazama namba jirani utashangaa ni ngapi hukuwahi kuzisikia. Fungua pia kurasa za mwisho za kitabu chochote cha msururu, kwani huko nyuma huwa kuna orodha ya ndugu zake. Hiyo ndiyo orodha pekee tunayoipendekeza bila wasiwasi.

Njia ya tatu hutumiwa na wachache mno: mfuate mfasiri. Anayefasiri vizuri kitabu kimoja cha zamani kwa kawaida amefasiri vingine vitatu au vinne, na mara nyingi ni yeye aliyemshawishi mchapishaji avitoe. Katika katalogi ya maktaba andika jina lake mahali pa mwandishi. Katalogi nyingi zitakuletea kazi zake zote.

Kinachowakwamisha wengi ni jina la kitabu. Tafsiri hubadilisha majina. Riwaya ya Mbrazil Machado de Assis ya mwaka 1881, *Memórias Póstumas de Brás Cubas*, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1952 kwa jina la *Epitaph of a Small Winner*, kisha ikatolewa tena kwa jina linalokaribia la asili. Ukitafuta kwa jina moja utaambiwa haipo. Tafuta kwa jina la mwandishi na jina la lugha ya asili, ndipo uangalie tafsiri.

Halafu usikusanye majina 40. Chukua matatu, uyafukuzie mpaka mwisho.

Ya zamani na ya kihistoria, ni mamoja?

*Naomba ufafanuzi. Kuli ya Adam Shafi ni riwaya ya kihistoria au si ya kihistoria? Tumebishana kazini. — Mwalimu wa fasihi*

Mwalimu, kila upande una hoja yake. *Kuli* ilitoka mwaka 1979 na inaelekea kwenye mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa 1948. Kati ya tukio na kitabu kuna miaka 31. Walter Scott alipoandika *Waverley* mwaka 1814 aliitaja miaka 60 kwenye jina lake dogo la ndani, na tuzo ya riwaya za kihistoria iliyopewa jina lake hutumia kipimo hicho hicho cha miaka 60. Historical Novel Society, chama cha wapenzi wa riwaya za kihistoria, huridhika na 50, au na mwandishi ambaye hakuwa hai wakati wa matukio na kwa hiyo ameandika kwa utafiti. Kwa vipimo hivyo *Kuli* haiingii. Kwa jinsi inavyofanya kazi, yaani mtu wa kubuni akipitishwa ndani ya tukio la kweli la umma, inaingia vizuri tu. Sisi tungeiweka ndani, na anayetaka kuitoa kwa sababu ya miaka 19 au 29 inayopungua ana haki yake, ila anajinyima.

Tofauti inayokuhusu zaidi unapotafuta ni hii: riwaya ya *zamani* iliandikwa zamani, hata kama ilieleza siku zake yenyewe, riwaya ya *kihistoria* inaeleza zamani, hata kama imeandikwa juzi. Katalogi huziweka mbali. Ya kihistoria huwa na kichwa cha mada chenye jina la nchi au kipindi. Ya zamani haina alama hiyo, hivyo itafute kwa mwaka wa kuchapishwa: weka lugha, weka miaka, tuseme 1880 hadi 1910, upange matokeo kwa tarehe. Maktaba inayopanga vitabu kwa namba za Dewey, yaani namba za mada zinazobandikwa mgongoni mwa kitabu, hukusaidia pia. Fasihi yote ni 800, tarakimu ya pili ni lugha, ya tatu ni umbo, na 3 ni riwaya na hadithi. Kwa hiyo 823 ni riwaya za Kiingereza, 833 za Kijerumani, 843 za Kifaransa, 863 za Kihispania. Lugha zisizo na tarakimu yake hubanwa mwishoni: fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Huko kwenye 890 ndiko kuliko na hazina ambayo watu hawaifikii.

Kitabu kilichokatwa

*Rafiki yangu anasema Monte Cristo ilimchukua miezi miwili. Mimi nimeimaliza kwa siku nne, kurasa 400 na kitu. Mimi ni msomaji hodari au nimeibiwa? — Mwenye mashaka*

Umeibiwa, ingawa aliyekuuzia huenda naye hajui. *The Count of Monte Cristo*, iliyotoka kwa mfululizo gazetini kati ya 1844 na 1846, ina sura 117, na toleo kamili hupita kurasa 1,000. Fungua faharasa ya sura uhesabu. Zikiwa 60 au 70, umeshika toleo lililofupishwa.

Hesabu ya sura ndicho kipimo rahisi kuliko vyote, nasi tunashangaa hakifundishwi. *Les Misérables* ina sura 365 katika sehemu tano. *Moby-Dick* ina sura 135 pamoja na hitimisho fupi. Kabla hujalipia wala kupakua, tafuta idadi ya sura za maandishi ya asili, uilinganishe. Hakikisha pia kama sura zinaanza upya katika kila sehemu, maana hapo ndipo watu huhesabu vibaya.

Hatua ya pili ni ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Unatakiwa kukuta jina la mfasiri na mwaka wa tafsiri. Usipoyakuta, chukulia kwamba ni tafsiri ya karne ya 19 iliyochukuliwa bure na kuvishwa jalada jipya. Maneno kama *abridged*, *adapted* au *retold* huandikwa hapo kwa herufi za sisimizi, huku jalada likiwa kimya.

Kwa nini tafsiri za kale zina hatari? Kwa sababu wafasiri wa zama hizo walikata bila kuomba radhi. Tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya Jules Verne kuhusu safari chini ya bahari, iliyotoka miaka ya mwanzo ya 1870, iliondoa zaidi ya moja ya tano ya maandishi, hasa sehemu za sayansi, ikaharibu na baadhi ya vipimo. Kwa miaka mingi wasomaji wa Kiingereza walimwona Verne kuwa mwandishi wa watoto asiyejua hesabu, na makosa yenyewe hayakuwa yake. Trilojia ya Sigrid Undset ya *Kristin Lavransdatter* (1920–1922), iliyochangia kumpa Nobel ya 1928, ilifasiriwa mara ya kwanza kwa Kiingereza cha kujitia ukale, na vipande vikaachwa. Tafsiri ya Tiina Nunnally, iliyotoka kati ya 1997 na 2000, ilirudisha vipande hivyo na lugha nyepesi ya asili. Watu waliokuwa wameishindwa mara mbili waliimaliza.

Na wakati mwingine si mfasiri, ni mchapishaji. Toleo la kwanza la *Moby-Dick*, lililotoka London mwaka 1851, lilikosa lile hitimisho fupi linaloeleza jinsi msimulizi alivyopona. Wahakiki wakauliza, kwa haki kabisa, maiti anasimuliaje. Sol Plaatje wa Afrika Kusini aliandika *Mhudi*, riwaya ya kihistoria kuhusu watu wa Barolong na Wandebele wa Mzilikazi katika miaka ya 1830, yapata mwaka 1920. Ilichapishwa na Lovedale, mtambo wa misheni, mwaka 1930 ikiwa imehaririwa sana, hata msimulizi mzee anayeifungua hadithi kwa mdomo akatolewa. Toleo la 1978 lilirudi kwenye mswada wa mwandishi. Ukitafuta *Mhudi*, angalia kama toleo ulilonalo limetokana na lile la 1930 au la 1978. Ni karibu vitabu viwili.

Jaribio la mwisho kabla ya kuchagua kati ya tafsiri mbili: usilinganishe ukurasa wa kwanza. Kila mfasiri huupiga pasi ukurasa wa kwanza. Linganisha mazungumzo ya watu wawili katikati ya kitabu, na maelezo marefu ya mahali. Tafsiri mbovu hukwama kwenye mazungumzo, na iliyokatwa huanguka kwenye maelezo.

Riwaya isiyo na mwisho

*Nimepakua riwaya ya Kiingereza ya miaka ya 1860. Imekatika ghafla katikati ya jambo. Faili limeharibika? — Nimeachwa njiani*

Faili ni zima. Umepakua juzuu ya kwanza kati ya tatu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 riwaya za Uingereza zilitolewa kwa juzuu tatu zilizouzwa pamoja kwa shilingi 31 na peni 6, bei ambayo watu wa kawaida hawakuiweza. Zilinunuliwa na maktaba za kukodisha, kubwa kuliko zote ikiwa ya Mudie, iliyoanza mwaka 1842. Maktaba ilifurahia juzuu tatu kwa sababu kitabu kimoja kiliweza kushikwa na wasomaji watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja na kipande chake. Utaratibu huo ulianguka baada ya 1894 maktaba zenyewe zilipoukataa. Mashine za kupiga picha vitabu zilipokuja, kila juzuu ikawa faili lake.

Rudi kwenye ukurasa wa jina, utaona "Vol. I". Katika HathiTrust, mojawapo ya maktaba za mtandaoni, juzuu zote za kitabu huorodheshwa chini ya rekodi moja, hivyo ni rahisi kuona kinachokosekana. Katika Internet Archive, maktaba nyingine ya mtandaoni, zinaweza kutawanyika, na nyingine zimeandikwa jina bila namba ya juzuu. Tafuta kwa jina la mwandishi na mwaka, ufungue kila moja. Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure, mara nyingi huziunganisha kuwa faili moja, kwa hiyo anzia huko.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia huko. Maandishi ya Gutenberg mengi yamesomwa na kusahihishwa na watu wa kujitolea. Maandishi ghafi yanayotolewa na mashine kutoka kwenye picha hayajasahihishwa: "rn" hugeuka "m", na ile *s* ndefu ya vitabu vya kabla ya 1800 husomwa kama *f*. Vitabu vingi vya kuchapwa kwa oda vimetokana na maandishi hayo ghafi. Ukikuta namba za kurasa zimejichomeka katikati ya sentensi, umekutana na kimoja chao. Upande wa simu nao, riwaya ya maneno 100,000 ikiwa maandishi matupu haifiki megabaiti moja, na nakala ya picha ya kitabu hicho hicho inaweza kupita 20. Pakua EPUB, yaani faili la maandishi, ya kusoma; picha iwekee akiba ya kuhakiki pale maandishi yanapotia shaka.

Ni halali?

*Vitabu vya bure mtandaoni si wizi? — Mwoga wa sheria*

Inategemea mambo mawili, mwaka na mfasiri. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimepandisha hadi 70, na hesabu huishia tarehe 31 Desemba. Marekani kwa vitabu vya zamani huhesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, ndiyo maana kila tarehe 1 Januari kundi jipya hufunguliwa; vya mwaka 1930 vilifunguliwa 2026. Tazama sheria ya nchi uliyopo, si ya nchi ya tovuti.

Mfasiri ana haki yake mbali na mwandishi. Tolstoy alikufa mwaka 1910 na Kirusi chake ni cha kila mtu, lakini tafsiri yake ya miaka ya 2000 ina mwenyewe.

Na kwa Kiswahili?

*Kila tukiuliza riwaya za zamani tunaelekezwa kwa Wazungu. Kiswahili hakina zilizosahauliwa? Shaaban Robert tumeshamsoma shuleni. — Mzalendo wa rafu*

Zipo, na ya kwanza tutakayoitaja ingepaswa kuwa kwenye kila rafu. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ya Aniceti Kitereza iliandikwa kwa Kikerewe, ikakamilika mwaka 1945. Hakupatikana wa kuichapa kwa lugha hiyo. Mwandishi akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Alikufa mwaka uliofuata. Ni habari ya mume na mke wa Ukerewe wanaotafuta mtoto, kisha ya watoto wao, katika zama za kabla ya ukoloni. Thamani yake kubwa iko mahali ambapo msomaji mwenye haraka hukata tamaa: kurasa nzima juu ya kilimo, uvuvi, pombe, matanga, dawa, adabu za wakwe. Usiisome kama riwaya ya kisa. Soma sura moja kwa siku, kama anayetembelea nyumba ya watu, na usiruke salamu; katika kitabu hiki salamu ni sehemu ya habari. Kiswahili chake kimebeba mwendo wa Kikerewe, hivyo sentensi zitakuchelewesha. Zikubali. Anayetaka kulinganisha ana tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika ya mwaka 2002.

Ya pili ni *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela, iliyotolewa mwaka 1934. Wengine huiita riwaya ya kwanza ya Kiswahili, wengine hukataa kwamba ni riwaya, wakisema ni masimulizi ya historia. Inaeleza kukamatwa, safari na kukombolewa kwa watumwa, na watu waliokuja kuishi Freretown, Mombasa. Isome macho mawili yakiwa wazi: sifa anazomwagiwa Mwingereza humo ni za kitabu kilichoandikwa na kuchapwa chini ya utawala wake. Ni fupi, yaweza kumalizwa kwa siku mbili.

Tafsiri nazo zina historia yake. *Mashimo ya Mfalme Sulemani* na *Kisiwa chenye Hazina*, zote za mwaka 1929, zilisomwa na vizazi vya wanafunzi. *Shujaa Okonkwo* ya 1973 ni *Things Fall Apart* kwa Kiswahili, na *Wema Hawajazaliwa* ya miaka ya 1970 ni kazi ya Abdilatif Abdalla, mshairi, kutoka kwa Ayi Kwei Armah. Hapa ule ushauri wa kumfuata mfasiri unalipa hasa. Karibu zaidi na siku zetu, *Peponi* ya 2022 ni *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis; ni riwaya ya kihistoria inayopita njia za misafara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwa Kiswahili inarudi kwenye vinywa vya wahusika wake.

Vitabu vya Kiswahili vya miaka ya 1960 hadi 1980 vilichapwa kwenye karatasi duni, gundi ikakauka. Ukipata nakala ya mtumba, hesabu kurasa kabla ya kulipa, hasa za mwanzo na za mwisho, kwani ndizo hutoka kwanza. Usiitanue mpaka mgongo ulie.

Niamini kiasi gani?

*Nikisoma riwaya ya kihistoria nitajuaje kipi kweli kipi uongo? Na kwa nini tarehe nyingine hazilingani na vitabu vya historia? — Mpenda ukweli*

Anza na tarehe. Kalenda ya Gregori, ile tunayoitumia leo, ilianza mwaka 1582 katika baadhi ya nchi za Kikatoliki, ambako tarehe 4 Oktoba ilifuatiwa na 15. Uingereza ilisubiri mpaka 1752, ikalala tarehe 2 Septemba ikaamka 14. Urusi ilibadili mwaka 1918, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya 1917 huadhimishwa Novemba. Ukikuta barua kutoka Paris imefika London kabla ya kuandikwa, mwandishi huenda yuko sahihi kuliko ulivyodhani.

Kwa mengine, tazama vitu vidogo kabla ya wafalme. Mwandishi huchunguza wafalme, vyakula humponyoka. Mahindi, mihogo, viazi, nyanya na pilipili za kuwasha zilitoka bara la Amerika, kwa hiyo hazikuwapo Afrika, Ulaya wala Asia kabla ya 1492. Mhusika wa karne ya 13 anayekula ugali wa mahindi amekula kosa la mwandishi.

Soma maelezo ya mwandishi mwishoni, kama yapo, baada ya sura tatu za kwanza, usingoje mwisho. Mwandishi makini husema humo ni nani wa kubuni na ni tukio lipi amelisogeza. Kisha tenga nyakati mbili: wakati wa kisa na wakati wa kuandikwa. Thomas Mofolo alimaliza *Chaka* kwa Kisotho yapata 1910, wamisionari wa Morija waliokuwa na mtambo wakasita, ikatoka 1925. Mchawi anayemwongoza Chaka humo hatoki kwenye historia ya Wazulu. Anatoka kwenye mawazo ya mwandishi wa Lesotho aliyelelewa misheni, na ndiye anayeifanya riwaya iwe kubwa. Anayetaka Shaka wa kweli asianzie hapo. Anayetaka riwaya aanzie hapo hapo.

Majina yananishinda

*Kila nikifika ukurasa wa 60 nimeshamsahau nani ni mtoto wa nani. — Mvivu asiyejificha*

Si uvivu. Riwaya ya Kirusi humwita mtu mmoja kwa jina lake, jina la baba, jina la ukoo na jina la utani, ukurasa mmoja. Kata karatasi ya ukubwa wa kiganja, andika majina kumi tu ya kwanza, kila moja na neno moja la kumtambulisha, uitumie kama alama ya ukurasa. Usitafute ukoo mtandaoni. Utasoma nani anakufa. Ukishindwa kabisa, punguza ukubwa, usibadili mwandishi: *Hadji Murat* ya Tolstoy, iliyotoka 1912 baada ya kifo chake, ni ya kihistoria, ina vita vya Kaukasia ndani yake, na haifiki kurasa 200.

Nipeni majina

*Maelezo mazuri, lakini mimi nataka majina tu. — Asiye na subira*

Aliyependa *Things Fall Apart* atafute *Mhudi*, toleo la 1978, kisha Kitereza. Aliyependa Dumas aende kwa Mwitalia Manzoni, *I promessi sposi*, Lombardia ya karne ya 17 na tauni yake. Mwandishi aliitoa 1827 akaiandika upya, hivyo chagua tafsiri ya toleo la 1840–1842. Anayependa siasa za ikulu achukue *Faraon* ya Bolesław Prus, riwaya ya Kipolandi ya miaka ya 1890 kuhusu farao kijana anayepambana na makuhani. Farao huyo ni wa kubuni, mapambano yanaaminika. Msomaji wa Kiarabu ana Jurji Zaydan, aliyeandika zaidi ya riwaya 20 za historia ya Kiislamu kabla ya kufa mwaka 1914, nyingi zikitoka kwa mfululizo katika jarida lake la Al-Hilal.

Na kama ni moja tu, basi *Daraja juu ya Mto Drina* ya Ivo Andrić. Mhusika mkuu ni daraja la mawe la Višegrad, lililojengwa katika karne ya 16; watu wanazaliwa na kufa juu yake mpaka 1914. Andrić aliiandika Belgrade ikiwa chini ya Wajerumani, ikatoka 1945. Sura ya tatu ina mauaji ya kutisha yaliyoelezwa taratibu mno, na wengi huifunga hapo. Irukeni kurasa hizo kama hamuwezi, mwendelee na ya nne.